Kura zilipungua, akakabidhiwa nchi: uchambuzi wa somo moja la historia Pemba

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika skuli moja ya sekondari ya Serikali, kaskazini mwa Pemba. Majina ya skuli, mwalimu na wanafunzi hayatajwi, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Mwalimu tutamwita Maalim K. Anasomesha Historia madarasa ya juu, ana uzoefu wa miaka mingi, na wanafunzi wake hufaulu. Niliingia darasani kwake kwa mwaliko wake, kama mshauri wa walimu wa somo hilo, nikakaa nyuma na daftari langu.

Mada ilikuwa ile ya Kidato cha Nne kuhusu misukosuko ya mfumo wa kibepari: Vita vya Kwanza vya Dunia, Mdororo Mkuu wa uchumi, ufashisti wa Italia, Unazi wa Ujerumani, na Vita vya Pili. Aliyeisoma anaikumbuka kwa orodha. Sababu za kuinuka kwa Unazi ni Mkataba wa Versailles uliofunga Vita vya Kwanza, mfumuko wa bei, Mdororo Mkuu, hofu ya ukomunisti, ufasaha wa Hitler, na mwisho kabisa, kwa sentensi moja, udhaifu wa serikali ya Weimar, yaani jamhuri ya Ujerumani iliyofuata vita hivyo. Mwanafunzi anayeziandika zote kwa mpangilio anapata alama zake, anafunga daftari. Sina ugomvi na orodha, mtihani unaitaka. Tatizo ni kwamba ndani yake kila sababu imekaa peke yake, na zote zinaonekana kusukuma upande mmoja kwa nguvu sawa, mpaka msomaji anaamini kuwa mwisho wake usingeweza kuwa mwengine.

Kulikuwa na jambo jengine, nalo ndilo lililomfanya Maalim K. atafute msaada. Ramadhani ilikuwa inakaribia na bei ya mchele na sukari imepanda. Katika simu za wanafunzi zilizunguka video za WhatsApp za watu wasiojulikana walikotoka, wote wakisema kwa namna moja au nyengine kuwa nchi inataka mtu mmoja mkali, vyama na mabaraza ni kupoteza wakati. Siku moja kijana mmoja alisema darasani, bila ya utani, kuwa Hitler angalau aliwapa watu kazi. Maalim alingoja wenzake wacheke au wampinge. Hakuna aliyefanya hivyo.

Suali lililovuruga ratiba

Wiki ile ilikuwa ya kumaliza mada na kufanya jaribio. Jaribio lilifanyika, majibu yakawa mazuri, yaani orodha ilikuwa imeshika. Wakati wa kurudisha karatasi msichana mmoja, mtu wa kusema kidogo, akanyoosha mkono.

“Maalim, noti zao zilikosa thamani kabisa mwaka 1923. Na mwaka huohuo Hitler kataka kupindua, kashindwa, kafungwa. Sasa njaa imemleta vipi?”

Suali hili halimo katika madaftari, wala katika vitabu vingi vya kujisomea. Maalim K. alimjibu: “Suali zuri, mwanangu. Nipe mpaka wiki ijayo.” Jioni yake akanipigia simu.

Tungeweza kumpa jibu la dakika mbili na kuendelea na Vita vya Pili, kama ratiba ilivyotaka. Maalim alikataa. Alisema kuwa yule wa “angalau aliwapa watu kazi” na huyu wa suali la 1923 wamesimama mahali pamoja, ila mmoja ameona ufa na mwengine hajauona. Akaomba vipindi vya ziada kwa mkuu wa skuli, akapewa viwili, na vyengine akavitoa katika muda wa Vita vya Pili. Uamuzi huu ulikuja na gharama. Nitaitaja huko mbele.

Mstari uliodhaniwa umekosewa

Wazo la kwanza la Maalim lilikuwa kuongeza maelezo. Tulipokaa tukaamua kinyume chake: kuondoa maelezo yote na kubakisha tarehe na tarakimu. Darasa liligawiwa makundi, kila kundi karatasi ya manila na mistari miwili. Mstari wa juu ni hali ya uchumi, wa chini ni fungu la kura za Wanazi. Ruhusa ilitolewa kujadili kwa Kiswahili, ingawa mtihani ni wa Kiingereza. Walimu wengine hawakuipenda ruhusa hiyo, lakini bila yake wangezungumza watatu tu.

Tarakimu walizopewa ni hizi. Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji ziliukalia mkoa wa viwanda wa Ruhr kwa sababu ya fidia za vita. Serikali ya Ujerumani ikachapisha noti kuwalipa wafanyakazi waliogoma, na kufika Novemba dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki trilioni 4.2. Mwezi huohuo, usiku wa tarehe 8 kuamkia 9, Hitler alijaribu kupindua kuanzia ukumbi wa bia mjini Munich. Akashindwa. Sarafu mpya ikatolewa, mikopo ya Marekani ikaingia kupitia Mpango wa Dawes wa 1924, maisha yakatengemaa kidogo. Katika uchaguzi wa Mei 1928 Wanazi walipata asilimia 2.6 ya kura na viti 12. Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka na wakopeshaji wakaanza kudai chao. Septemba 1930, Wanazi asilimia 18.3, viti 107. Mwanzoni mwa 1932 wasio na kazi walipindukia milioni 6. Julai 1932, asilimia 37.3, viti 230, chama kikubwa kuliko vyote bungeni. Novemba 1932, asilimia 33.1, viti 196. Tarehe 30 Januari 1933 Hitler akaapishwa kuwa kansela, yaani mkuu wa serikali.

Kijana aliyekuwa akichora kwa kundi la mbele aliinuka na karatasi yake. “Maalim, hapa pamekosewa. Mstari unashuka, na yeye ndo anapanda.”

Hapakuwa na kosa. Kati ya Julai na Novemba 1932 Wanazi walipoteza kura kama milioni 2. Miezi miwili na kitu baadaye walikabidhiwa ukansela. Maalim K. hakueleza kitu, aliandika suali ubaoni: *Kama si kura, nani kampa?* Kipindi kikaisha hapo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo dakika iliyofanya kazi kubwa kuliko nyengine zote katika kisa hiki.

Kipindi kilichofuata kilianzia kwa suali la yule msichana. Jibu lililotoka, kwa kusukumana wenyewe kwa wenyewe, ni kuwa mwaka 1923 dhiki ilikuwa ya kutisha lakini waliokuwa madarakani walikuwa bado wanataka jamhuri iishi. Gustav Stresemann aliunda serikali ya vyama vingi, sarafu ikabadilishwa, jeshi na polisi wa Bavaria hawakumfuata Hitler. Mwaka 1932 dhiki ilikuwa kubwa tena, na safari hii walioshika madaraka walikuwa wamechoka na bunge lenyewe.

Hapa Maalim aliwapa tarakimu nyengine. Serikali ya mwisho yenye wingi wa bunge, ya mseto wa Hermann Müller, ilivunjika Machi 1930 kwa kugombania makato ya bima ya wasio na kazi. Aliyefuata, Heinrich Brüning, alibana matumizi, akapunguza mishahara ya watumishi, akapandisha kodi, na bunge lilipomkatalia akatawala kwa amri za dharura za Rais Hindenburg, chini ya ibara ya 48 ya Katiba ya 1919. Bunge lilipitisha sheria 98 mwaka 1930, 34 mwaka 1931, na 5 tu mwaka 1932. Wanafunzi waliiona bila ya kuambiwa: bunge lilikuwa limeshakufa kabla Hitler hajaingia kulizika.

Kisha hesabu. Bunge la Julai 1932 lilikuwa na viti 608. Wanazi 230, Wakomunisti 89. Jumla 319, zaidi ya nusu. Vyama viwili ambavyo vyote haviitaki jamhuri, na vinachukiana kupita kiasi, vilikuwa na wingi wa kuangusha serikali yoyote bila ya uwezo wa kuunda hata moja. Septemba ile Kansela Franz von Papen, aliyemfuata Brüning, alipigiwa kura ya kutokuwa na imani kwa 512 dhidi ya 42. “Sasa wanatawala kwa nini tena?” mmoja akauliza. Kwa saini ya mzee wa miaka themanini na kitu. Hindenburg alizaliwa 1847.

Kijana wa “aliwapa watu kazi” alipewa jukumu la kutafuta ni nani hasa walimpigia kura. Alirudi na jambo lililomshangaza. Wasio na kazi wa mijini walielekea zaidi kwa Wakomunisti; ngome za Wanazi zilikuwa mashamba ya kaskazini na miji midogo ya Waprotestanti. Jimbo la Schleswig-Holstein, la wakulima, liliwapa zaidi ya nusu ya kura Julai 1932. Huko bei za mazao zilianguka kabla hata ya New York, wakulima wakashindwa kulipa mikopo, mashamba yakapigwa mnada. Kwa watoto wa wenye mikarafuu maelezo hayakuhitajika zaidi ya hapo.

Mchezo bila ya Hitler

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuigiza mazungumzo ya Januari 1933. Makundi yalikuwa: Hindenburg na watu wake, Papen, Jenerali Kurt von Schleicher aliyekuwa kansela tokea Desemba, Alfred Hugenberg wa chama cha wazalendo wahafidhina, chama cha Wakatoliki, Wasoshalisti wa Kidemokrasia, na Wakomunisti. Hakuna mwanafunzi aliyepewa kuwa Hitler. Madai yake yaliandikwa kwenye kadi moja: ukansela, au hakuna ushirikiano. Ndivyo alivyosimama kweli, Agosti na tena Novemba 1932.

Walilalamika. “Mchezo gani huu bila ya mwenyewe?” Sababu ya Maalim ni kuwa atakayeigiza Hitler atapata kelele na vicheko, somo litakuwa lake, na wanafunzi watatoka wakikumbuka mikono iliyoinuliwa na sauti ya kubwata. Yeye alitaka wawaangalie waliokuwa wanaweza kukataa. Niliunga mkono wakati ule na bado naunga mkono. Mtu wa siasa kali ndiye anayependeza kutazamwa. Waliomfungulia ni wazee wa makoti wanaochosha, kwa hiyo hawatazamwi.

Duru ya kwanza ilivunjika kwa dakika chache. Wasoshalisti na Wakomunisti walipigiana hesabu za Novemba, viti 121 na 100, wakaona jumla yao 221 inawapita Wanazi wenye 196, wakapeana mikono. Darasa likapiga makofi. Walikuwa wameiokoa dunia kwa kuwa wanajua mwisho wa hadithi.

Maalim K. alisimamisha mchezo, akagawa kadi alizoziandaa usiku kwa hofu ya jambo hilohilo. Kadi ya Wakomunisti: Januari 1919, chini ya serikali ya Wasoshalisti, vikosi vya kujitolea viliwaua Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht, Mei Mosi 1929 mjini Berlin polisi walio chini ya mkuu Msoshalisti waliwafyatulia risasi raia, wakafa zaidi ya 30. Kadi ya Wasoshalisti: wenzenu wanakuiteni mafashisti wa kijamii, adui mkubwa kuliko Wanazi, na wanafuata maelekezo ya Moscow. Duru ya pili hakuna aliyepeana mkono na mtu. Msichana aliyewakilisha Wakomunisti alikataa hata kukaa meza moja. “Kaua watu wetu. Nimwamini kwa lipi?” Alikuwa ameingia ndani ya jukumu mpaka sauti ikabadilika.

Kundi la Papen ndilo lililoshinda mchezo, au lililoshindwa vibaya zaidi, inategemea unapimaje. Papen alikuwa na kisasi na Schleicher aliyemng’oa, na alikuwa na masikio ya mzee. Walimshauri Hindenburg ampe Hitler ukansela, Papen awe makamu, na baraza lijae wahafidhina. Katika baraza halisi la 30 Januari Wanazi walikuwa watatu tu: Hitler mwenyewe, Wilhelm Frick na Hermann Göring. Kijana wa kundi la Wakatoliki akasema kwa sauti: “Wamemfungulia mwizi mlango ili awafukuzie jirani.” Maalim akamtaka atazame tena wizara. Frick alipewa Mambo ya Ndani ya nchi nzima. Göring aliwekwa juu ya Mambo ya Ndani ya Prussia, jimbo lenye zaidi ya nusu ya watu wote wa Ujerumani, na polisi wake. Watatu wanaonekana wachache mpaka uhesabu bunduki.

Yaliyofuata yalisomwa nyumbani kwa ukurasa mmoja: moto wa jengo la Bunge tarehe 27 Februari 1933, amri ya kesho yake iliyofuta uhuru wa kusema, kukusanyika na kutokamatwa ovyo, uchaguzi wa 5 Machi ambao Wanazi, pamoja na vitisho vyote, walipata asilimia 43.9, na Sheria ya Mamlaka ya 23 Machi iliyompa Hitler na baraza lake uwezo wa kutunga sheria bila ya Bunge. Ilipita kwa 444 dhidi ya 94. Wote 94 walikuwa Wasoshalisti. Wakomunisti hawakuwamo, walikuwa jela, mafichoni au nje ya nchi. Wakatoliki walipiga kura ya ndiyo.

Jina lisilotajwa

Katikati ya duru ya pili, mtu wa nyuma akasema: “Kama hapa petu tu!” Akataja chama. Mwengine akajibu kwa kutaja chengine. Kwa Pemba hii si mzaha. Kuna familia darasani mle ambazo zina kumbukumbu za Januari 2001, waandamanaji walipouawa kwa risasi, na maridhiano ya 2010, yaliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa, watoto wale wameyakuta yameshakuwa jambo la kawaida.

Maalim K. aliinua mkono, akasema kwa upole kuwa jina la chama chochote cha hapa halitajwi katika kipindi hiki, na anayetaka kulinganisha alinganishe taasisi na maamuzi, asilinganishe watu. Sababu zake zilikuwa mbili, na hakuzificha kwangu. Ya kwanza ni ya kazi: mtumishi wa umma katika skuli ya Serikali hana ruhusa ya kugeuza darasa jukwaa. Ya pili ni ya somo lenyewe. Ukishamwita mtu wa kijijini kwako Nazi, umeacha kujifunza chochote kuhusu 1933, na huyo jirani umemfanyia dhulma.

Amri ilitulia, lakini na darasa nalo lilitulia kwa dakika kadhaa, kimya cha watu waliokumbushwa kitu.

Suali la karafuu

Aliyelivunja lile kimya ni kijana mpole, mjukuu wa mkulima. Miaka ya 1980, alisema, babu yake anahadithia kuwa karafuu ilianguka bei mpaka watu wengine waliziacha mtini, uchumaji haulipi. Shida ilikuwa kubwa. “Mbona hapa hakutokea mtu wa namna ile?”

Maalim aliniangalia. Suali lilikuwa limesimama ukingoni mwa amri yake, lakini linahusu uchumi, akaliruhusu. Ukweli wa jambo ndio huo: Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilijitosheleza kwa mikarafuu yake, na bei ya soko la dunia ikaporomoka. Kisiwa kilichotegemea zao moja kilipata pigo ambalo halikusababishwa na mtu yeyote aliyeishi juu yake.

Majibu ya wanafunzi yalikuwa bora kuliko nilivyotazamia. Mmoja alisema mtu wa Pemba ana muhogo shambani na samaki pwani, mfanyakazi wa Berlin akikosa mshahara hana kitu cha kung’oa ardhini. Mwengine alisema watu waliondoka, kwenda Tanga, Mombasa, Dar es Salaam, Uarabuni, na nusu ya hasira ya kisiwa ikapanda boti pamoja nao. Wa tatu, kwa kusitasita, akasema nchi ilikuwa ya chama kimoja mpaka 1992, kwa hiyo hapakuwa na uchaguzi ambao mtu angegeuzia hasira kuwa viti.

Muda ukaisha. Maalim alisema majibu yote yaandikwe, hakuchagua moja.

Matokeo

Insha za mwisho zilikuwa na suali lilelile la jaribio. Wengi sasa walipanga hoja kwa wakati, na walitenganisha kilichowapa Wanazi kura na kilichowapa dola. Yule wa “aliwapa watu kazi” aliandika kuwa ajira zilishaanza kurudi kidogokidogo kabla ya 1933, na nyingi zilizofuata zilikuwa za matayarisho ya vita; alilitafuta mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Sijui kama alibadilisha mawazo kuhusu video za simu, na sikumuuliza. Baadhi ya wanafunzi walirudi kwenye orodha yao ya sababu sita neno kwa neno, kama kwamba vile vipindi havikuwepo.

Vita vya Pili vilisomeshwa mbiombio. Mzazi mmoja alifika skuli kulalamika kuwa watoto wanacheza michezo karibu na mtihani, na hakuwa mkosa. Katika mtihani wa majaribio alama za Historia hazikubadilika sana. Anayesahihisha anatafuta sababu sita zilizoelezwa, na insha yenye mbili zilizochimbwa hadi kwenye mizizi inampa shida kuipa alama.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni ule mstari unaoshuka. Unafundisha jambo ambalo maelezo ya kurasa kumi hayalifundishi, kwamba dhiki ya uchumi na ushindi wa siasa kali haviendi sambamba kila mara. Dhiki iliwatoa Wanazi katika asilimia 2.6 ikawafikisha 37.3, hilo hakuna wa kulipinga. Lakini theluthi ya kura si dola. Marekani nayo, karibu robo ya nguvu kazi yake ikiwa haina ajira kufika 1933, ilikuwa imemchagua Roosevelt, mtu wa demokrasia, mwaka uliotangulia. Kutoka theluthi mpaka dola kuna hatua ambazo zilipigwa na watu wengine, wenye majina, wenye chaguo jengine mezani. Schleicher alidhani atakigawa chama cha Wanazi. Papen alidhani atamwongoza Hitler kwa kamba. Hugenberg alitaka wizara za uchumi. Hindenburg, aliyemkatalia Hitler Agosti, alikubali Januari, wakati chama cha Hitler kinafilisika na wapiga kura wanakikimbia. Nionavyo, hii ndiyo sababu “udhaifu wa serikali” haustahili kukaa sentensi ya mwisho. Na udhaifu wenyewe haukuwa wa sheria peke yake. Ibara ya 48 ilikuwa na makali ya kutosha. Rais Ebert aliitumia mara nyingi mapema miaka ya 1920 kuilinda jamhuri. Ibara ileile mikononi mwa watu wasiotaka tena bunge ilifanya kazi ya kinyume.

Uamuzi wa kutomweka Hitler mchezoni nao ulifaa, kwa sababu zile alizozitoa Maalim. Ningemshauri yeyote afuate.

Duru ya kwanza ya mchezo ilishindwa kwa sababu inayoweza kuzuiwa. Wanafunzi waliingia na akili ya 1945. Kadi za chuki za zamani zilipaswa kuwa mikononi mwao kabla ya mazungumzo kuanza, na ziwafikie makundi yote, sio mawili tu. Kundi la Wakatoliki halikupewa kadi, likabaki kutoa methali na vichekesho, hali ya kuwa kura zake za ndiyo za 23 Machi ni miongoni mwa mambo magumu kuyaeleza katika historia nzima ile. Wale watu walipewa ahadi kuhusu kanisa na skuli zao, walikuwa na hofu, na walidhani kuukubali mlango uliokwisha vunjwa ni afadhali kuliko kuvunjiwa nyumba.

Kuhusu jina lisilotajwa, nina maoni mawili yasiyokaa pamoja. Amri ya Maalim ilikuwa sahihi na isingeweza kuwa nyengine. Lakini ilikuja baada ya majina kutajwa, na amri inayokuja nyuma ya jambo huonekana kama karipio kwa aliyesema. Ingewekwa mwanzo, pamoja na sheria za mchezo, ingekuwa sheria ya wote.

Suali la karafuu liliachwa wazi, na hapo ndipo natofautiana kidogo na Maalim K. Majibu matatu ya wanafunzi hayana uzito sawa. La muhogo na samaki linaeleza kwa nini watu hawakufa njaa, halielezi siasa. La kuhama lina nguvu zaidi. La tatu ndilo lililogusa kiini, na ndilo lililostahili nusu saa: Ujerumani ya 1932 ilikuwa na chaguzi huru, vyama vyenye magazeti na wanamgambo, na dola ambayo mtu anaweza kuikamata akiwa Berlin. Pemba ya miaka ya 1980 haikuwa na uchaguzi wa ushindani, na mamlaka ya kukamatwa hayakuwa kisiwani. Kulinganisha hali hizi mbili kunaonesha kuwa hasira ya tumbo inahitaji njia ya kupitia kabla haijawa nguvu ya mtu mmoja, na njia hiyo inaweza kuwa kura, mtaa au simu. Wanafunzi walikuwa tayari kwa mazungumzo hayo, muda haukuwepo.

Maalim K. ameshapanga upya kadi zake kwa mwaka ujao. Wakatoliki wanayo yao sasa. Ameongeza kundi moja jipya, serikali ya Wasoshalisti ya Prussia, na mchezo utaanzia 20 Julai 1932, siku Papen alipoiondoa serikali hiyo kwa amri ya dharura. Wale mawaziri walikuwa na maelfu ya polisi chini yao. Walikwenda mahakamani.